Raba za Breki: Uzibadilishe Lini?

(Maneno ya somo kama yalivyosomwa redioni. Wanafunzi wafuate katika kurasa hizi, aya moja baada ya nyingine.)

Kila mwanafunzi na awe na daftari, penseli, rula, na njiti moja ya kiberiti. Mwalimu wa darasa, tafadhali ingiza baisikeli moja na uisimamishe mahali ambapo watu wote wataiona. Isiwe baisikeli mpya ya dukani. Iwe ni baisikeli ya mmoja wenu, inayofanya kazi kila siku.

Somo la leo ni juu ya kitu kidogo sana. Ukikishika mkononi, utaona hakizidi urefu wa kidole. Lakini kitu hicho ndicho kinachokutenga wewe na korongo, wewe na lori, wewe na mtoto anayekatiza njia ghafla. Kitu hicho ni raba ya breki. Leo tutajifunza kujibu swali moja: raba ya breki ibadilishwe lini?

1. KAZI YA BREKI

Baisikeli nyingi za kazi katika nchi zetu ni za namna ya zile zilizotoka Nottingham kwa jina la Raleigh, au Shanghai kwa jina la Phoenix, au India kwa jina la Hero. Nyingi za baisikeli hizo zina breki za vyuma. Ukibana mkono wa breki, vyuma vyembamba huvuta raba mbili mpaka ziguse rimu kwa ndani, upande unaoelekea katikati ya gurudumu. Baisikeli nyingine zina breki za waya. Hizo raba zake hubana rimu pembeni, kulia na kushoto.

Njia ni mbili, lakini kazi ni moja. Raba inasuguana na rimu, msuguano unaleta joto, na gurudumu linapunguza mwendo. Kila unapofunga breki, raba hulika kidogo. Ni kama ufutio wa penseli. Hufuti neno bila ufutio kupungua. Basi raba inayolika si raba mbovu. Inafanya kazi yake. Kosa ni la mwenye baisikeli asiyeangalia imebaki kiasi gani.

Sasa tupime ukubwa wa kazi hiyo. Tuseme wewe ni mkulima wa Lushoto, katika milima ya Usambara. Lushoto iko juu, kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Unashuka kwa njia ya Soni mpaka Mombo, kwenye barabara kuu. Njia ina kona nyingi, upande mmoja mlima na upande mwingine bonde. Ukifika Mombo umeshuka karibu mita 1,000. Wewe una kilo 60, mzigo wako wa kabichi una kilo 60, na baisikeli ina kilo 20. Jumla ni kilo 140.

Kama nguvu yote ya uzito huo unaoshuka ingegeuka kuwa joto, ingetosha kuchemsha lita 4 za maji. Sehemu yake huchukuliwa na upepo na barabara. Lakini ukishuka polepole, kama inavyompasa mtu mwenye mzigo, sehemu kubwa hubebwa na breki. Fikiri basi: birika kubwa la maji ya moto, na kazi hiyo inafanywa na vipande vinne vya raba.

Tena kumbuka jambo la pili. Mwendo ukiwa mara mbili, njia ya kusimamia huwa mara nne. Kama kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa unahitaji mita 4 tangu breki ziliposhika, basi kwa kilomita 30 kwa saa utahitaji mita 16. Hizo ni kwa breki nzima. Mvua ikinyesha, rimu za chuma zikilowa, umbali huongezeka tena sana. Raba iliyokwisha haikupi nafasi hiyo.

2. MKONO HUDANGANYWA

Watu wengi hupima breki kwa mkono. Hubana, na wakiona inashika, husema, "Breki nzima." Kupima hivyo ni kuzuri, lakini hakutoshi. Sikilizeni kwa nini.

Raba ikilika, nafasi kati yake na rimu huongezeka. Mkono wa breki huanza kwenda mbali kabla ya kushika. Mwenye baisikeli huchukua spana au koleo, hukaza, na raba hukaribia rimu tena. Breki hushika kama zamani. Mwezi unaofuata hukaza tena. Na tena. Kila mara mkono wake unamwambia kwamba mambo ni mazuri. Lakini raba inazidi kuwa nyembamba. Kukaza hakukuongeza raba hata kidogo. Kumeficha tu upungufu wake.

Halafu siku moja, katikati ya mteremko, raba inakwisha. Chuma kinachoshika raba kinagusa chuma cha rimu. Chuma juu ya chuma hakishiki vizuri, na tena kinaikwaruza rimu.

Kwa hiyo shika kanuni hii na uiandike katika daftari:

KILA UNAPOKAZA BREKI, TAZAMA RABA.

Mkono hudanganywa. Jicho likitazama vizuri, halidanganywi upesi.

3. PIMA KWA JICHO NA RULA

Sasa mwalimu, geuza baisikeli, magurudumu yawe juu. Wanafunzi wawili waje karibu. Futeni matope kwa kitambaa. Raba imeshikwa na kikombe kidogo cha chuma. Tazameni sehemu ya raba inayotokeza nje ya chuma hicho. Hiyo tu ndiyo raba inayohesabiwa. Iliyo ndani ya chuma ni ya kushikia, wala haifungi breki.

Shikeni rula. Someni milimita. Ile mistari midogo midogo, kila nafasi moja ni milimita 1. Andikeni namba hiyo.

(Hapa redio ilinyamaza dakika mbili.)

Haya, mmeandika? Tuisome namba yenu.

Ikiwa ni zaidi ya milimita 5, raba ni nzuri. Endelea na kazi, na uitazame tena mwisho wa mwezi.

Ikiwa ni kati ya milimita 3 na 5, nunua jozi nyingine uiweke nyumbani. Tazama raba kila juma.

Ikiwa ni milimita 3 au pungufu, badilisha sasa, kabla ya safari nyingine yenye mzigo au mteremko.

Kama huna rula, njiti ya kiberiti itakusaidia. Unene wake ni karibu milimita 2. Ikiwa raba inayotokeza ni nyembamba kama njiti, umekwisha chelewa. Isukume baisikeli mpaka kwa fundi, usiipande.

Tazama raba zote nne, wala si moja. Pengine moja imelika upande mmoja, nyingine bado. Hesabu kwa ile iliyo nyembamba zaidi, na hapo penye wembamba zaidi. Mnyororo hukatika penye pete dhaifu.

4. ALAMA NYINGINE

Unene si alama ya pekee. Pengine raba ni nene, lakini haifai. Tazama mambo haya.

Mifereji. Raba nyingi mpya zina mifereji iliyochongwa usoni. Mifereji ikifutika kabisa, ujue raba inakaribia mwisho.

Ugumu. Bonyeza kwa ukucha. Raba nzuri hubonyea kidogo. Raba iliyozeeka juani huwa ngumu kama pembe, hung'aa, na huenda ikapasuka. Ikiwa imeng'aa juu tu, isugue kwa msasa kidogo. Ikiwa imepasuka, itupe.

Mchanga na vipande vya chuma. Wakati wa mvua, matope yenye mchanga hunasa ndani ya raba. Hapo raba huwa kama msasa, nayo huila rimu. Chokoa kwa pini au ncha ya kisu. Jambo hili usilidharau, kwa sababu rimu ni ghali kuliko raba.

Ngazi. Kama raba haikufungwa sawasawa, sehemu moja hulika na sehemu nyingine hubaki imetokeza kama ngazi. Ngazi hiyo yaweza kunasa kwenye ukingo wa rimu. Badilisha raba, kisha mpya uilinganishe na rimu ili iguse uso wote.

Mafuta. Unapotia mafuta kwenye mnyororo, usiyaache yafike kwenye rimu. Yakifika, futa rimu na raba kwa maji ya sabuni, suuza, na ukaushe.

Sauti. Hapa watu wengi hukosea. Hungojea breki ipige kelele ndipo watazame raba. Breki yaweza kulia kwa sababu ya vumbi au unyevu, na raba ikawa nene. Na breki yaweza kunyamaza kimya, na raba ikawa imekwisha. Sauti ya kukwaruza, chuma kwa chuma, ni ya kweli daima, lakini huja baada ya raba kwisha. Usiingojee.

5. BREKI ZA DISKI

Baadhi yenu mna baisikeli za mtumba zilizotoka Ulaya na Asia. Pengine ukitazama rimu huoni raba. Badala yake unaona sahani nyembamba ya chuma katikati ya gurudumu. Sahani hiyo huitwa diski. Inabanwa na vipande viwili vidogo viitwavyo pedi. Kila pedi ni bamba la chuma lililobandikwa kitu kigumu cha kusuguana. Hicho kilichobandikwa ndicho kinacholika.

Hapa mkono hudanganywa zaidi. Baadhi ya breki za diski huvutwa kwa waya, na hizo hukazwa kama nyingine. Lakini nyingine husukumwa na mafuta. Katika breki za mafuta, pedi ikipungua, chombo husogea chenyewe na kuziba nafasi. Mkono hausikii tofauti yoyote. Leo inashika vizuri, kesho inashika vizuri, mpaka siku pedi inapokwisha. Mwenye breki za namna hii asiposhika desturi ya kutazama, hana mtu wa kumwonya.

Geuza baisikeli, tazama kwa mwanga katika tundu dogo la chombo kinachobana diski. Kama huoni vizuri, mwombe fundi atoe pedi. Kampuni ya Shimano ya Japani, inayotengeneza breki nyingi za namna hii, husema pedi isitumike tena kitu kile kikibaki nusu milimita. Sisi tusingoje mpaka hapo. Kikibaki milimita 1, yaani nusu ya unene wa njiti, badilisha. Diski nayo hulika. Nyingi huwa na unene wa milimita 1.8 zikiwa mpya, na Shimano husema zikifika milimita 1.5 zisitumike.

Pedi iliyonyonya mafuta au grisi haifai tena, hata kama ni nene. Usiishike diski kwa vidole vyenye mafuta, wala usiishike baada ya mteremko, itakuunguza. Na unapokwenda dukani, chukua pedi ya zamani mkononi. Pedi zina maumbo mengi, na pedi ya breki moja huenda isiingie katika breki nyingine.

6. HESABU YA SAFARI

Sasa tuje kwenye neno gumu, nalo ni fedha. Pengine unasema moyoni, "Mwalimu, raba yangu ina milimita 2. Nitaenda sokoni mara hii moja, niuze mzigo, kisha ninunue raba kwa fedha hiyo."

Maneno hayo yanasikika kuwa ya busara. Yatazame tena. Raba inatakiwa wakati wa kushuka. Fedha hupatikana baada ya kushuka. Kwa hiyo unaweka rehani mwili wako katika njia ile ile ambayo raba inahitajika zaidi, na siku ile ile ambayo mzigo ni mzito zaidi. Ukianguka, mzigo umepotea, rimu imepinda, na wewe umelala hospitali. Shamba halilimwi. Watoto wanakutazama.

Dawa yake si kuwa tajiri. Dawa yake ni kujua mapema. Na kujua mapema ni kazi ya daftari. Fanyeni hesabu hii pamoja nami.

Tuseme raba ilikuwa na milimita 8 siku ulipoifunga. Uliandika tarehe. Umekwenda sokoni mara 10. Umepima tena, umeona milimita 6. Je, safari 10 zimekula milimita ngapi? 8 ukitoa 6 ni 2. Safari 10 hula milimita 2. Yaani safari 5 hula milimita 1.

Mwisho wetu ni milimita 3. Una 6. Basi 6 ukitoa 3 ni 3. Milimita 3 mara safari 5 ni safari 15. Umebakiwa na safari 15 kabla ya kununua raba. Sasa gawanya bei ya raba kwa 15. Kila urudipo sokoni, weka kando fedha hiyo ndogo. Siku raba itakapofika milimita 3, fedha ipo.

Masika yakiingia, usiiamini hesabu ya kiangazi. Matope hula raba upesi zaidi. Pima kila juma na ufanye hesabu mpya.

Mwaka jana pengine hukuweza kuandika namba hizi. Leo unaweza. Msidhani kuwa kusoma ni kwa ajili ya barua na magazeti tu. Mstari mmoja katika daftari, wenye tarehe na milimita, waweza kumrudisha mtu nyumbani salama.

7. KUBADILISHA

Raba za gurudumu moja zibadilishwe zote mbili pamoja. Ukifunga moja mpya na moja ya zamani, zitavuta bila usawa.

Tazama kikombe cha chuma. Mara nyingi upande mmoja umezibwa na upande mwingine uko wazi, ili raba iingizwe. Upande uliozibwa lazima uelekee kule rimu inakokwenda inapopita kwenye raba. Ukigeuza, rimu itaivuta raba itoke nje mara ya kwanza utakapofunga breki kwa nguvu. Jambo hili limwambie hata fundi, kwa adabu: "Fundi, tafadhali nitazamie upande uliozibwa."

Usikubali kipande cha tairi kuukuu kilichokatwa kwa kisu, ukakiona ni raba. Hakikukatwa kwa kipimo cha kikombe, na chaweza kuchomoka. Wala usitegemee kufunga breki kwa soli ya kiatu juu ya tairi.

Usiache breki ya mbele bila raba kwa kuogopa kupinduka. Unapofunga breki, uzito huenda mbele, na breki ya mbele hufanya sehemu kubwa ya kazi. Funga zote mbili, taratibu, kabla ya kona, si ndani ya kona.

Kazi ikiisha, jaribu kabla ya kupanda. Bana breki ya mbele, sukuma baisikeli mbele. Gurudumu lisizunguke. Fanya vivyo hivyo na ya nyuma. Mkono wa breki usifike kwenye usukani. Ibaki nafasi ya vidole viwili. Kisha panda mahali tambarare, funga breki mara kadhaa polepole. Kama ni pedi za diski, nenda mwendo wa kiasi, punguza mpaka karibu kusimama, na urudie kama mara 20, ndipo pedi mpya zishike vizuri. Baada ya hapo ndipo ufunge mzigo.

8. MASWALI YA DARASA

Mwalimu, wasomee wanafunzi maswali haya. Wajibu kwanza kwa mdomo, kisha waandike.

1. Kwa nini haitoshi kupima breki kwa mkono?

2. Raba ikiwa na milimita 4, utafanya nini?

3. Raba ilikuwa na milimita 9. Baada ya safari 12 ina milimita 6. Zimebaki safari ngapi mpaka ifike milimita 3?

4. Upande uliozibwa wa kikombe cha raba uelekee wapi?

5. Kwa nini ni hatari kungoja fedha ya mauzo ya leo ili ununue raba?

Kazi ya nyumbani ni hii. Pima raba zote za baisikeli yako, au ya jirani yako ukiwa huna. Andika tarehe, na namba nne. Uliza dukani bei ya jozi moja ya raba, na bei ya rimu moja. Ziandike bei hizo mbili zikifuatana, uzitazame. Ukikuta raba ya jirani imefika milimita 3, usimcheke. Mwonyeshe rula.

Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Juma lijalo, tukijaliwa, tutajifunza juu ya mnyororo na meno yake. Mpaka hapo, kwaherini, na safari njema.